Kabla Haujapoa

Tangu nirudi nimeulizwa na wanakwaya, na majirani, na hata dada anayenisuka nywele, na kila mara nimeanzia katikati nikaishia pabaya. Kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja, kwa mpangilio. Maelezo haya ni ya wale waliouliza. Wasiouliza waendelee kuimba tu. Hilo ni sharti nililopewa, na mwenye sharti mtamfikia.

Migosi

Wimbo mnaujua. Kwa upande wetu huu wa ziwa ni vigumu kuzikwa bila kuimbiwa wimbo huo. Kiitikio chake ndicho kilichonitoa nyumbani: "Nimekuwekea moyo, njoo kabla haujapoa." Mtunzi ni Mwinjilisti Zablon, marehemu sasa, aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka ufuo mmoja hadi mwingine akianzisha makanisa, ngoma begani. Aliimba kwa Kiswahili kwa sababu kwenye fuo za samaki kulikuwa na watu wa kila kabila, na wote walihitaji kuokoka.

Kanisa letu la hapa Migosi, Kisumu, lilipoamua kuchapisha upya kitabu chake cha nyimbo, liliunda kamati. Kamati ikishaundwa lazima ipate kosa, la sivyo watu watauliza ilikuwa ikikalia nini. Mwenyekiti, Mzee Obonyo, alilipata kosa hapo hapo kwenye kiitikio.

"Moyo wa mwamini haupoi," alisema. "Pili, tunamwambia Bwana aje kabla haujapoa. Kwani tunamharakisha? Hivi ndivyo mtu anaita wageni mezani."

Alipendekeza tuimbe hivi: "Nimekuwekea moyo, moyo usiopoa kamwe." Wengi walitikisa vichwa kukubali, kwa kuwa saa ya chakula cha mchana ilikuwa imepita.

Aliyekataa ni Mwalimu Elisha, kiongozi wetu wa kwaya. Kwa wasiomjua, Mwalimu ni Mmaragoli wa Vihiga ambaye amekaa Kisumu muda mrefu kuliko wengi wetu tuliozaliwa hapa, na bado Kijaluo chake ni cha sokoni: anajua salamu, anajua kuomba apunguziwe, na anajua majina ya sehemu zote za ng'ombe. Alisema maneno mapya hayaingii kwenye sauti. Alituimbisha ili tujionee, na kweli tulipofika kwenye "kamwe" kwaya nzima ilidondoka kama mzigo kutoka kwenye bodaboda.

Hakusema sababu yake nyingine. Ni kwenye mstari huo alipokwama akiongoza kwaya siku tulipomzika mkewe. Sote tulikuwepo, tuliona mkono wake ulivyobaki hewani. Lakini huwezi kuiambia kamati jambo kama hilo, na yeye hakuiambia.

Mwishowe waliafikiana. Kama kuna mtu atakayeleta ushahidi kutoka kwa wenyewe kwamba maneno yale yalikusudiwa, mstari utabaki. Kama hakuna, Jumapili inayofuata unafutwa na kitabu kinakwenda kuchapishwa. Mjane wa Zablon, Mama Dorka, alisemekana yuko hai ng'ambo ya ziwa, nyuma ya Mbita. Na kwa kuwa niliwahi kufanya kazi redioni, walinigeukia wote kwa pamoja, kama watu waliogundua nani ataosha vyombo.

Nje, Mwalimu alinifuata hadi langoni.

"Madam, wewe nenda uulize tu. Ukipata hadithi nzuri, sawa. Ukipata mbaya, usiitengeneze njiani. Niletee hivyo hivyo."

Kisian

Nilipata lifti kwa Ouko, kijana wa kanisani mwenye pikapu na mitambo ya muziki wa matanga. Alikuwa na kazi ya kuzika upande wa Mbita, na spika zake mbili zilisimama nyuma ya gari, kubwa kama kabati. Nilimshukuru Mungu kwa usafiri. Sikufikiria spika zinasema nini kwa mtu anayetazama kutoka kando ya barabara.

Nilianza kuelewa tulipofika Kisian. Ouko alisimama kununua waya, "dakika mbili tu", na mwenye duka alikuwa amefunga akaenda na ufunguo kunywa chai. Hakuna aliyejua anakunywa wapi. Nikaingia kwa mama mmoja wa hoteli, nikaagiza chapati na maharagwe.

"Mnaenda kuzika nani?" aliniuliza akinimiminia chai.

"Hatuziki mtu. Ninaenda kuuliza habari za wimbo."

Alizitazama spika, akanitazama mimi, akanihurumia waziwazi.

"Pole sana, mama," alisema, na akaniongezea maharagwe.

Nilijaribu kumweleza tena. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba ni mtu wa karibu sana, pengine mume. Nikaamua kula. Maharagwe yalikuwa matamu.

Bondo

Kabla ya kuingia Bondo, mwanamume aliyevaa suti alisimama katikati ya barabara na kuinua mikono yote miwili. Tulidhani ni ajali. Ilikuwa matanga, na mitambo yao ilikuwa imezimika mchungaji akiwa katikati ya mahubiri.

"Bwana Ouko, Mungu ndiye amekutuma," alisema yule mtu, ambaye hakuwa amewahi kumwona Ouko ila alilisoma jina ubavuni mwa gari.

"Mimi nina watu wananingoja Mbita."

"Hao marehemu wao ataenda wapi?"

Kwa hoja hiyo Ouko alizima gari. Spika zilishushwa, nami nikapewa kiti cha mbele, pamoja na wafiwa. Niliketi hapo kwa heshima zote nikimwombolezea mzee nisiyemjua, na baada ya muda nilijikuta ninaifahamu shida ya shamba lake pia.

Kisha wakaimba wimbo wetu. Msema chochote wa shughuli, yule yule wa suti, alichukua kipaza sauti na kuwaeleza waombolezaji ulikotoka: Mwinjilisti Zablon alikuwa ziwani, dhoruba ikapindua mtumbwi, akashikilia kipande cha ubao, na maji ya baridi yalipokaribia moyo wake ndipo aliposema, njoo kabla haujapoa. Watu waliguna. Hata mimi niliguswa, hadi nilipokumbuka kazi niliyotumwa. Alipomaliza nilimwendea.

"Hiyo habari uliipata kwa nani?"

"Kila mtu anaijua."

"Nani alimwambia kila mtu?"

"Madam," alisema kwa upole, "hapa ni matanga. Si mahakamani."

Nikapewa wali na nyama, nikala. Ukikataa chakula cha matanga watu wataanza kuchunguza ulikuwa na ugomvi gani na marehemu.

Luanda K'Otieno

Feri tuliiona mgongo. Ilikuwa imeondoka kizimbani hivi punde, karibu kiasi kwamba abiria mmoja alitupungia mkono, jambo ambalo Ouko hakulipenda. Tukangoja nyingine kwenye kibanda cha samaki. Aliagiza ngege wa kukaanga na ugali, nami nikaagiza vivyo hivyo ingawa nilikuwa nimeshiba, maana kungoja bila sahani mbele yako kunachosha.

Mzee mmoja wa kofia aliketi nasi bila kukaribishwa. Alitupa pole kwanza. Alipojua ninachotafuta, alifurahi sana na kuvuta kiti.

"Hiyo ya mtumbwi ni uongo," alisema. "Zablon alikuwa anaogopa maji. Wimbo ulitoka hospitalini. Daktari alimwambia moyo wako umechoka, unaweza kusimama wakati wowote. Akamwimbia Mungu, njoo kabla haujapoa. Mimi nilikuwepo."

Hapo nilisogea karibu. "Ulikuwepo wodini?"

"Nilikuwa naye."

"Kitanda chake kilikuwa upande gani wa wodi?"

Alifikiri, akimchambua samaki wangu kidogo kidogo. "Ndani sikuingia. Mimi nilibaki nje nachunga baiskeli."

Feri ilipofika, alinikumbusha nisisahau kutaja jina lake redioni. Sijalitaja, kwa ajili yake.

Safari ya majini ni fupi. Upepo ulikuwa mzuri, magugu yalielea kwa mafungu ya kijani, na kando yangu abiria wawili walibishana kama marehemu wetu ni mwanamume au mwanamke. Niliwaacha waendelee. Nilikuwa nikiwaza mambo mawili niliyokuwa nayo mkononi, mtumbwi na hospitali. Yote mawili yangemridhisha Mzee Obonyo. Yote mawili yangeuokoa mstari wa Mwalimu. Na Mwalimu alikuwa ameshaniambia nisitengeneze kitu njiani.

Nyumbani kwa Mama Dorka

Ouko alisisitiza kunifikisha hadi mlangoni, na hili lilikuwa kosa letu kubwa kuliko yote. Tuliuliza njia mara tatu: "Kwa Mama Dorka, mke wa Zablon, ni wapi?" Kila tulipouliza, watu walizitazama spika, wakashika vichwa, wakatuelekeza. Nilipogeuka nyuma niliona wanawake wanatufuata kwa haraka, na nyuma yao wanaume wawili wamebeba viti vya plastiki.

Tulipoingia uani, mwanamke mmoja alikuwa ameanza kulia kwa sauti, mikono kichwani. Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka bibi mwembamba, amefunga kitambaa kichwani, mwiko mkononi.

"Ni nani amekufa hapa kwangu?" aliuliza.

Aliyekuwa analia alinyamaza, na wenye viti wakavishusha pole pole, kisha, kwa kuwa walikuwa wameshavileta, wakavikalia.

Nikajitokeza kuokoa hali. Nikasema mimi natoka Kisumu, kanisani, nimekuja kumwomba anieleze historia ya maisha yake na ya marehemu mumewe. Mnajua wenyewe kwetu mtu husomewa historia ya maisha lini.

"Kwa hiyo mmekuja mapema," Mama Dorka alisema. "Mnataka niwasomee mwenyewe?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, yule mliaji akicheka kuliko wote. Ouko alirudisha gari nyuma bila kuaga akaenda kwenye matanga yake halisi. Majirani walibaki kidogo, wakanywa uji, wakarudi na viti vyao, baadhi wakiwa na uso wa watu waliopotezewa siku.

Mama Dorka alinikalisha jikoni, kwenye kigoda, akaendelea kusonga ugali. Tulizungumza kwa Kijaluo, nami ninawapa kwa Kiswahili. Nilipotoa simu ili nirekodi aliielekezea mwiko.

"Zima hicho. Umekuja wewe au imekuja simu?"

Nikazima. Nikamweleza habari za kamati, kwamba mstari ule huenda ukafutwa. Aliacha kusonga.

"Upi? Ule wa kupoa?"

"Huo."

"Wafute mwingine," alisema. "Nyimbo za Zablon zina maneno mengi sana. Yote ni yake, wafute wanayotaka. Lakini huo si wake. Huo ni wangu."

Ugali ulianza kuungua. Aliuipua, akaufunika, akaketi. Hii ndiyo habari yenyewe.

Zablon alikuwa ametembea wiki kadhaa, na alirudi siku moja mchana akiwa ameamua kuacha. Kanisa moja lilikuwa limemfukuza, la pili halikuwa limemfungulia. Hakuingia ndani. Aliketi kizingitini, ngoma imelala kando, akitazama barabara. Mama Dorka alikuwa jikoni. Siku hiyo shemeji yake alikuwa amechinja mbuzi, na yeye alikuwa amepigania kipande kimoja akakikaanga, akakifunika na sahani nyingine ili kingoje. Akakileta mlangoni. Akamwambia mumewe: *Akanoni chuny.* Njoo kabla haujapoa.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya wasiokijua Kijaluo. *Akanoni* ni "nimekuwekea". *Chuny* ni moyo, ule wa kupenda na kuumia, ule unaoombewa kanisani. *Chuny* pia ni maini.

"Nilikuwa nimeshika maini," alisema Mama Dorka. "Yeye hakunitazama. Alikuwa anatazama barabara. Alisikia tu."

Alichosikia Zablon ni kwamba, makanisa yote yakiwa yamemfungia, mkewe amemwekea moyo. Akaanza kulia. Mama Dorka alidhani ni njaa. Kisha akapiga magoti pale pale kizingitini, akaomba kwa muda mrefu, akavuta ngoma, na akaanza kuimba, akitafuta maneno kwa Kiswahili, na neno la kwanza alilolipata ni moyo.

"Na wewe?"

"Mimi nilisimama na sahani. Ungefanya nini? Mtu anaomba. Alipomaliza yalikuwa yamepoa, nikaenda nikayapasha. Akayala bila kuangalia, kama anakula ugali mtupu. Maini ya mbuzi! Nilikasirika siku mbili." Alitikisa kichwa. "Na hata vitunguu havikuwemo, vilikuwa vimekwisha. Nilitaka kuomba radhi kwa ajili ya vitunguu. Sikupata nafasi."

Kesho yake Zablon alichukua ngoma akaondoka tena, akayarudia makanisa yale yale mawili, na la pili likafungua.

Nilimuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakumwambia.

"Ningemwambia nini? Alikuwa amerudi kazini. Kila mahali akiimba ananitazama, watu wote wanageuka kunitazama, na mimi naona sahani." Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya leso. Halafu alisema kitu ambacho nimekibeba tangu siku hiyo kama kilivyo: "Na moyo pia nilikuwa nimemwekea. Ila siku hiyo nilikuwa naongea juu ya nyama."

Tukala ugali wenye harufu ya moshi, kwa dagaa wa omena. Nilipokuwa najiandaa kuondoka nilimuuliza niwaambie nini kamati.

"Waambie maneno niliyomwambia yeye. Hayo hayo, kwa Kijaluo, usiongeze. Habari za sahani ni za anayeuliza. Asiyeuliza mwache aimbe."

Kurudi Migosi

Safari ya kurudi haikuwa na jambo, ila kwamba pale Kisian yule mama wa hoteli aliniuliza kama tumezika salama. Nilimwambia tumezika salama. Nilikuwa nimechoka kubishana, na aliniongezea maharagwe tena.

Jumapili, baada ya ibada, kamati ilikaa. Mzee Obonyo alivaa miwani.

"Madam, tuambie. Hayo maneno yalikusudiwa au yalimponyoka?"

Nilisimama. Nilisema nimekutana na Mama Dorka mwenyewe, na mstari ule ni wake. Nilisema Zablon alirudi nyumbani amekata tamaa, akaketi kizingitini, na mkewe akamwendea akamwambia: *Akanoni chuny*, njoo kabla haujapoa. Nilisema alilia, akapiga magoti, akatunga wimbo pale pale, na kesho yake akarudi kazini.

Mama mmoja wa safu ya nyuma alitoa kitambaa. Mzee Obonyo alivua miwani aliyoivaa muda mfupi uliopita, akaifuta, na kusema: "*Akanoni chuny.* Mke wa mtu wa Mungu. Sasa nani kati yetu atafuta hayo?"

Hakuna aliyeinua mkono. Hakuna aliyeuliza mke yule alikuwa ametoka wapi wala alikuwa ameshika nini. Niliwauliza mimi mwenyewe: "Kuna swali?" Nilingoja kwa haki kabisa. Mzee Obonyo alisema hakuna, tuombe.

Wakati wa maombi nilifungua jicho moja, tabia ya redioni. Wote walikuwa wameinama. Mwalimu Elisha peke yake alikuwa ameinua uso, ananitazama, nyusi zimepanda, midomo ameibana kama mtu anayezuia chafya. Ndipo nikakumbuka Kijaluo chake alijifunzia wapi. Neno lile, yeye hajawahi kulisikia kwenye mahubiri. Analijua la bucha tu.

Baada ya "Amina" walitoka wakishikana mikono. Mwalimu alijifanya kukusanya vitabu hadi tukabaki wawili. Akanisogelea. Macho yake yalikuwa yamelowa, na alikuwa anacheka kimya kimya, mabega yanatikisika, jambo nisiloliona kwake tangu tulipomzika mkewe.

"Madam," alisema. "Nina swali."

"Uliza, Mwalimu."

"Kwa vitunguu au bila?"

"Bila," nikamwambia. "Vilikuwa vimekwisha."